Udikteta Huzaa Vita: Somo la Uganda ya Idi Amin

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana baada ya swala ya Alasiri, mwezi mtukufu wa Ramadhan)



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwezi huu tukiwa wazima. Wazee wetu, mama zetu, kaka na dada zangu katika imani, nawashukuru kwa kuja, hasa nyinyi mlioacha usingizi wa Alasiri wa Ramadhan. Usingizi huo sote twaujua utamu wake.

Mada niliyopewa ni vita vya zama zetu, chanzo chake na matokeo yake. Mada hii ni pana. Nikianza kuvitaja vita vyote, adhana ya Magharibi itatukuta hapa na tende hatujazigusa. Kwa hivyo nimechagua vita vimoja tu, vya jirani zetu: vita vya Uganda na Tanzania vya mwaka 1978 hadi 1979, ambavyo Watanzania huviita Vita vya Kagera.

Nimevichagua kwa sababu tatu. Kwanza, vilipiganwa karibu nasi, na wazee wengi waliopo hapa wanavikumbuka. Pili, pande zote mbili askari walizungumza Kiswahili, lugha yetu hii hii. Tatu, na hii ndiyo kubwa, jina la Idi Amin likitajwa barazani hakosekani mtu wa kusema: "Aa, yule alikuwa Muislamu mwenzetu, Wazungu ndio waliomharibia jina." Neno hilo nimelisikia tangu utotoni. Leo nataka tulikae kitako, tulitazame kwa uadilifu, tuone lina ukweli kiasi gani.

DIKTETA NI NANI?

Watu wengi wakisikia neno dikteta hufikiria mtu mkali tu. Ukali peke yake haumfanyi mtu kuwa dikteta. Mwalimu wa madrasa anaweza kuwa mkali na asiwe dikteta, kwa sababu yuko mzazi wa kumuuliza, iko kamati ya kumwita, na mwenyewe anaijua mipaka yake. Dikteta ni mtawala ambaye hakuna awezaye kumuuliza. Bunge hana, au analo la kupiga makofi. Mahakama yapo lakini yanamwogopa. Magazeti yapo lakini yanaandika anavyotaka yeye. Akikosea, hapana wa kumwambia umekosea, na ajaribuye huenda asilale kwake usiku ule.

Sasa, mtu kama huyo akiamua kwenda vitani, nani atamzuia? Hapa ndipo udikteta na vita vinapokutana.

DIKTETA HAZUKI KAMA UYOGA

Ndugu msomaji, Amin hakuanguka kutoka mbinguni. Kuna mikono iliyomlea, na tukiificha mikono hiyo hatutakuwa tumefanya uadilifu.

Aliingia jeshi la wakoloni Waingereza, King's African Rifles, mwaka 1946. Alipelekwa hapa kwetu Kenya kupigana na Mau Mau. Mwaka 1962, akiwa Luteni, kikosi chake kilihusishwa na mauaji ya wafugaji wa Turkana, raia wa nchi hii. Uchunguzi ukafanywa. Wakoloni wakashauriana na Milton Obote, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uganda, na ikaamuliwa kwamba asishtakiwe. Uhuru ulikuwa umebisha hodi, na maafisa Waafrika jeshini walihesabika kwa vidole. Basi damu ya wale Waturkana ikafukiwa ili mtu mmoja asiharibikiwe na cheo.

Mwaka 1966 Obote akagombana na Kabaka wa Buganda, ambaye pia alikuwa Rais wa nchi. Akaisimamisha katiba, na mwezi wa Mei akamtuma Amin kuivamia ikulu ya Kabaka kule Mengo. Kabaka Mutesa akakimbilia London, akafia huko mwaka 1969. Hapo Obote alikuwa amemfundisha mwanajeshi somo baya sana: kwamba tofauti za kisiasa humalizwa kwa bunduki. Na mwanafunzi alilihifadhi somo lake. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin akampindua.

Je, watu walilia? La. Kampala walicheza barabarani! Amin aliwafungua wafungwa wa kisiasa, akaurudisha mwili wa Kabaka ukazikwa kwao kwa heshima, akaahidi uchaguzi. Uingereza na Israili, ambazo baadaye zilikuwa adui zake wakubwa, ziliyapokea mapinduzi yale kwa furaha. Kwa hivyo anayesema leo kwamba Wazungu walimchukia Amin tangu mwanzo, tarehe hazimpi ushahidi. Walimkumbatia kwanza. Alipowageuka ndipo wakakumbuka kuwa ni dhalimu.

CHANZO CHA KWANZA: KUONDOKA KWA WASEMAO KWELI

Amin alilivunja bunge na kutawala kwa amri. Mwezi wa Septemba 1972, Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alitolewa katika Mahakama Kuu mchana kweupe na watu wa usalama. Hakuonekana tena. Fikiria, jaji mkuu wa nchi! Kama yeye hakuweza kujilinda ndani ya mahakama yake, raia wa kawaida alikuwa na kinga gani?

Mwezi wa Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum pamoja na mawaziri wawili. Serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Wako watakaosema, "Hao walikuwa Wakristo." Basi sikiliza. Shaban Nkutu, aliyekuwa waziri katika serikali ya Obote, alikuwa Muislamu wa Busoga. Naye aliuawa, mwaka 1973. Idadi ya waliouawa katika ile miaka minane hutofautiana, na makadirio yanayotajwa sana hufika watu 300,000. Miongoni mwao wamo Wakristo, wamo Waislamu na wamo wasio na dini hizi mbili. Risasi haikuuliza mtu anaswali wapi.

Natija yake ni nini? Ni kwamba ilipofika mwaka 1978 hapakuwa na mtu aliyebaki karibu na Amin wa kumwambia, "Mzee, vita hivi hatuviwezi." Wenye busara walikuwa kaburini, au Nairobi, au London, au Dar es Salaam. Waliobaki walikuwa wa kuitikia tu.

CHANZO CHA PILI: UCHUMI WA KUNYANG'ANYA

Mwezi wa Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka nchini. Takriban watu 50,000 walihama, wakaacha maduka, viwanda, mashamba na nyumba. Na hapa iko nukta ambayo barazani hatuitaji: maelfu ya waliofukuzwa walikuwa Waislamu. Walikuwamo Maismailia, Maithnaashari, Mabohora na Masuni, watu waliojenga misikiti na shule Uganda. Mtawala ambaye sisi twamtetea kwa jina la Uislamu aliwafukuza Waislamu kwa maelfu.

Mali ile iligawiwa askari na wapambe. Waganda wakawabandika jina matajiri hao wapya: mafuta mingi. Mtu alipewa duka, akauza bidhaa zilizokuwemo, zikamalizika, akafunga mlango. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikadorora, na nchi iliyokuwa ikiuza sukari ikawa watu wake wanaitafuta kwa magendo.

Sasa angalieni hesabu yake. Jeshi lilikuwa na watu wasiofika 10,000 mwaka 1971. Likakua likapita 20,000, na wengi walitoka nje, Sudan na Zaire. Utawala wenyewe ulisimama juu ya jeshi hilo, nalo halikusimama juu ya mapenzi ya nchi, lilisimama juu ya mgao. Maadamu mgao upo, askari watulivu. Kwa miaka miwili hivi kahawa iliwaokoa, kwa sababu baridi iliyopiga mashamba ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei duniani. Mwaka 1978 bei ikaanguka, na mwezi wa Oktoba mwaka huo Marekani ikapiga marufuku biashara na Uganda. Mgao ukapungua, na askari wasio na mgao wakaanza kutazamana vibaya.

CHANZO CHA TATU: UGOMVI WA NDANI KUTOLEWA NJE

Makamu wa Rais, Jenerali Mustafa Adrisi, alipata ajali mbaya ya gari mwezi wa Aprili 1978, akapelekwa Cairo kutibiwa. Wafuasi wake hawakuamini kama ile ilikuwa ajali. Naye Amin akatumia nafasi ile kuwaondoa watu wa Adrisi katika vyeo. Ilipofika Oktoba, vikosi vya kusini vikaasi. Baadhi ya walioasi wakakimbilia upande wa mpaka wa Tanzania, na waliowafuata wakavuka mpaka.

Hii ni tabia ya madikteta wengi. Nyumba ikiwaka ndani, humwonyesha kidole jirani. Askari wakiwa na njaa, huwaonyesha ng'ombe wa jirani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Uganda likaingia mkoa wa Kagera kwa nguvu zote. Tarehe 1 Novemba ikatangazwa redioni kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, sasa ni sehemu ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Kiwanda cha sukari kikaharibiwa, ng'ombe kwa maelfu wakaswagwa kuvuka mpaka, wanawake wakafanyiwa unyama, wanakijiji wakauawa. Na katikati ya msiba huo Amin akatoa shauri kwamba yeye na Nyerere wamalize ugomvi wao katika ulingo wa ndondi, refa awe Muhammad Ali. Dunia ilicheka. Mkulima wa Kyaka hakuwa na la kumchekesha.

CHANZO CHA NNE: MAJIRANI WALIONYAMAZA NA MAJIRANI WALIOCHOCHEA

Tukitaka haki, tuiseme yote. Tanzania nayo haikuwa mtazamaji tu tangu mwanzo. Ilimpa Obote hifadhi, na mwezi wa Septemba 1972 wapiganaji wake walivuka kutoka Tanzania kujaribu kumwondoa Amin. Walishindwa vibaya, na watu wengi ndani ya Uganda wakauawa kwa kushukiwa. Mwezi uliofuata nchi mbili hizi zikatia saini mapatano ya Mogadishu, lakini moto ulibaki chini ya jivu.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulikuwa na kanuni yake: usiingilie mambo ya ndani ya mwenzako. Kanuni nzuri, maana ilizuia nchi zetu changa zisimezane. Lakini wakubwa waliigeuza pazia. Mwaka 1975 mkutano wa OAU ulifanywa Kampala na Amin akawa mwenyekiti wake! Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kwenda. Wengine walikwenda, wakala, wakapiga picha. Sisi hapa Kenya tulizinduka mwezi wa Februari 1976, Amin alipodai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ardhi ya Uganda. Watu wakaandamana, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakagoma kushika mizigo ya Uganda. Kumbe dhulma ya kwa jirani huwa ni habari za mbali mpaka siku inapobisha mlango wako.

Kwa muhtasari basi, vyanzo ni hivi vinne: hapana wa kusema kweli, uchumi wa kunyang'anya, ugomvi wa ndani unaotafutiwa adui wa nje, na majirani wenye maslahi yao. Vikikutana vyote vinne, cheche moja yatosha.

VITA VYENYEWE KWA UFUPI

Nyerere aliwahutubia Watanzania mwanzoni mwa Novemba 1978, akatangaza kwamba nchi itapigana. Jeshi likakuzwa upesi kwa mgambo likapita watu 100,000. Kufikia mwisho wa mwaka Kagera ilikuwa imekombolewa. Mwezi wa Januari 1979 wakavuka mpaka, wakiwa pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Masaka na Mbarara zikatekwa mwezi wa Februari. Makombora yao ya kufyatuliwa mengi kwa pamoja Waganda waliyapa jina la saba saba, na mpaka leo wazee wa Uganda wanalikumbuka.

Libya ikamtumia Amin askari zaidi ya 2,000. Mwezi wa Machi wakapambana na Watanzania katika kinamasi cha Lukaya, na mamia ya Walibya wakafa katika vita vile. Vijana wa Kiislamu walitolewa jangwani wakaja kufa matopeni, kwa ajili ya mtu aliyewakimbia baadaye. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Amin akakimbilia Libya, kisha Saudi Arabia.

Je, hivi vilikuwa vita vya Ukristo dhidi ya Uislamu, kama Amin na Gaddafi walivyotaka ionekane? Mkuu wa majeshi ya Tanzania wakati ule aliitwa Abdallah Twalipo. Makamu wa Rais wa Tanzania alikuwa Aboud Jumbe, Mzanzibari. Na katika askari waliopita Masaka, wangapi waliswali swala tano? Kwa hivyo tusidanganyane. Vilikuwa vita vya dikteta na jirani yake, na dini ilivutwa ndani baadaye kama ngao.

MATOKEO YAKE

Kwanza, kwa Waganda wenyewe. Walidhani akiondoka Amin shida zimekwisha. Yusuf Lule alitawala siku 68 tu. Akaja Godfrey Binaisa, naye akaondolewa. Mwezi wa Desemba 1980 Obote akarudi kwa uchaguzi ambao wapinzani wake waliukataa, na mapema 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni. Vita vya Luwero vikaua watu wengi mno. Mwezi wa Januari 1986 Museveni akaiteka Kampala. Hesabu: miaka saba baada ya dikteta kuondoka, nchi ilikuwa bado inachinjana. Kwa nini? Kwa sababu Amin alipokwenda zake hakuacha bunge, wala mahakama, wala jeshi la taifa. Aliacha bunduki na watu wenye visasi. Dikteta hula mpaka mbegu.

Pili, kwa Watanzania. Walishinda, lakini ushindi nao una bei. Gharama hukadiriwa kufika dola milioni 500, kwa nchi maskini ambayo mafuta yalikuwa yamepanda bei na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika. Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ile 18 ilipita na mikanda haikufunguliwa. Waulizeni jamaa zetu wa Tanga na Dar kuhusu miaka ya mwanzo ya themanini, foleni za sukari, sabuni na unga. Na kule Kaboya, wilaya ya Muleba, wamelala askari waliotoka kila pembe ya nchi.

Tatu, kwa Afrika Mashariki nzima. Jumuiya yetu ilikufa mwaka 1977 kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba Nyerere alikataa kukaa meza moja na Amin, na wakuu wa nchi tatu hawakukutana tena tangu mapinduzi ya 1971. Ilichukua mpaka 1999 kutia saini mkataba mpya. Zaidi ya miaka ishirini ya reli, bandari, vyuo na biashara, imepotea.

Nne, kwa Waislamu wa Uganda, na hapa naomba masikio yenu. Amin aliwapa Waislamu vyeo, akasimamia kuundwa Baraza Kuu la Waislamu mwaka 1972, akaiingiza Uganda katika jumuiya ya nchi za Kiislamu mwaka 1974. Kuna waliofaidika, hilo silikatai. Lakini alipoanguka nani alilipa deni? Si yeye. Yeye alikuwa Jeddah, akila samaki na kufanya ununuzi wake, mpaka alipofariki tarehe 16 Agosti 2003 bila ya kusimama mbele ya hakimu yeyote wa duniani. Deni lililipwa na muuza duka wa Bushenyi, magharibi mwa Uganda, ambako mwaka 1979 Waislamu waliuawa katika visasi na nyumba zao zikachomwa. Lililipwa na watu wa West Nile, waliokimbilia Sudan na Zaire kwa maelfu kwa maelfu kwa sababu tu Amin alitoka upande wao. Lililipwa na kijana aliyeitwa Idi au Juma, ambaye kwa miaka mingi jina lake lilitosha kumkosesha kazi.

Ule msikiti mkubwa wa Old Kampala ulianzishwa wakati wa Amin. Alipopinduliwa ulikuwa haujakamilika, ukasimama vivyo hivyo miaka na miaka juu ya kilima, watu wakiutazama. Ulikuja kumalizwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa rasmi mwaka 2008. Hata ule msikiti, basi, uliingia katika deni la dikteta.

Tano, kwa lugha yetu. Mwaka 1973 Amin alitoa amri kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa Uganda. Sisi wapenzi wa Kiswahili tungefurahi, sivyo? Lakini mama wa Kampala alikisikia wapi Kiswahili? Alikisikia kizuizini barabarani, kwa askari mwenye bunduki: toa kitambulisho, fungua mzigo, lala chini! Kikawa kwake lugha ya kunyang'anywa. Mpaka vizazi vilivyofuata, Waganda wengi walikiona Kiswahili ni lugha ya wezi na askari. Ni mwaka 2022 ndipo baraza la mawaziri la Uganda lilipokubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Lugha ya mashairi na ya darsa zetu iliharibiwa jina kwa nusu karne na watu walioitumia kutishia. Basi tujiulize: kama lugha yaweza kuharibiwa jina hivyo, dini je?

SI UGANDA PEKE YAKE

Mtu asidhani haya ni ya Afrika tu. Saddam Hussein wa Iraq aliivamia Iran mwaka 1980, wakapigana miaka minane, Waislamu kwa Waislamu, na mipaka ikabaki ilipokuwa. Mwaka 1988 akawapiga kwa sumu ya gesi Wakurdi wa Halabja, raia wake mwenyewe. Akatoka vitani na madeni, na mwaka 1990 akaivamia Kuwait. Umeuona mfano? Hazina tupu, jeshi kubwa, jirani tajiri, na hapana wa kumwambia la. Kisha mwaka 2003 Marekani na Uingereza zikaivamia Iraq kwa madai ya silaha za maangamizi, ambazo hazikupatikana. Dikteta akaondoka, lakini Wairaq wakaingia katika miaka ya mabomu sokoni na misikitini. Dhulma ya Saddam haikuufanya uvamizi ule kuwa haki, na ubaya wa uvamizi ule haumfanyi Saddam kuwa shujaa. Akili ya muumini iweze kubeba mambo yote mawili kwa wakati mmoja.

TUFANYE NINI SISI?

Najua mwasema moyoni, "Sisi vijana wa mtaani tuna nini na marais?" Tuna mengi.

La kwanza, tuache kumpima mtawala kwa jina lake au kwa kofia yake. Tumpime kwa uadilifu wake. Dini yetu haikuwahi kuhalalisha dhulma kwa kuwa aliyeifanya anaswali. Tena dhulma ya anayejiita Muislamu yatuumiza mara mbili: yamuumiza aliyedhulumiwa, kisha yaturudia sisi.

La pili, tuzoee kuulizana. Udikteta hauanzi ikulu. Huanza katika chama ambacho mwenyekiti hatoi hesabu na wanachama wanaona haya kumuuliza. Huanza katika nyumba ambayo mtoto akisema kweli hupigwa kofi. Katika jumuiya yetu hii, mwaka ukiisha hesabu isomwe, na uchaguzi ukifika ufanywe. Tukiyazoea hayo hapa, tutayadai kule juu.

La tatu, tusishangilie vita vya wenzetu kana kwamba ni mpira. Wale Waturkana wa 1962, haki yao ingetafutwa, huenda Amin asingefika mbali. Anayenyamazia damu ya mtu mdogo leo, anapalilia vita vya kesho.

Na la nne, tuwaulize wazee. Wapo hapa walioishi Kampala, Kisumu, Bukoba na Tanga wakati ule. Leo baada ya futari, kabla ya Tarawehe, kaa na mmoja wao umwombe akusimulie. Utayasikia ambayo hayamo vitabuni, na yeye atafurahi kuulizwa.

Ndugu zangu, jua linateremka na wapishi wetu wameshaanza kutuita kwa harufu ya sambusa, kwa hivyo sitarefusha. Tumwombe Mola awarehemu waliouawa kwa dhulma, Uganda na Kagera, Halabja na Baghdad, awajue waliozikwa bila ya majina, awape subira waliofiwa. Atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa, na atupe viongozi wanaoulizwa wakajibu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.